Aliyekalia Katoni

Mimi niliishia darasa la sita, na nasema bila haya, maana ukiuliza hapa Al Qusais, Dubai, nani anafunga mzigo wa Mombasa usifumuke njiani, utaletwa stoo kwangu. Nilianza kwa kubeba. Leo nabebewa.

Binti yangu alipomaliza shule akataka chuo cha ng'ambo, na chuo kikataka insha: aeleze jambo alilofanya na mzazi, likamfunza maisha. Akanipigia stoo imejaa wateja. Nikaweka sauti kubwa makusudi, wasikie.

"Baba, niandike lipi?"

"Hilo nalo la kuuliza? Andika baba yako alikuja Dubai na begi moja, leo ana ghorofa Mombasa. Hiyo kompyuta unayoandikia, nani kaileta?"

"Hivyo ni vitu ulivyotuma, Baba. Wameuliza tulichofanya. Mimi na wewe."

Mama mmoja wa Kiunguja, mteja wangu wa zamani, akacheka. "Haya bwana mkubwa, jibu mtihani!"

Nikasema nitampigia baadaye, nikakata.

Siku ile nilifoka kwa kila mtu. Kila likizo nikirudi Mombasa, nyumba yangu hujaa wageni wa kuniamkia, na mimi hupenda kuamkiwa. Nilipekua kichwa nipate siku moja yangu na binti, nikakuta wageni tu.

Kesho yake nimepiga goti juu ya katoni ili kifuniko kishuke, ndipo nikakumbuka. Alikuwa mdogo. Nilikuwa nafunga katoni ya kurudi nayo huku, mama yake ameijaza achari na bizari, haifungiki. Nikambeba nikamkalisha juu, nikazungusha utepe. Akauliza, "Na mimi nafungwa, twende?" Nikamwambia mzigo utazidi kilo. Akashuka mwenyewe.

Nikamrekodia yote kwenye simu, kwa madaha, kama mtu aliyeokota dhahabu. Jibu lilikuja baada ya adhuhuri.

"Nzuri sana, Baba. Lakini muda uliisha jana. Nimeandika mimi na mama tunavyofungua katoni zako, tukigawia majirani. Hilo la kukalia silikumbuki kabisa. Nilikuwa na umri gani?"

Vijana wangu walikuwa wanapakia lori, wakaniita nihesabu. Nikawaambia yalla, endeleeni wenyewe.

Umri sikuujua. Nikamjibu nililokuwa na hakika nalo: ulikuwa mwepesi, mwanangu, kifuniko hakikushuka mpaka nikakubonyeza mabega.