Mawe ya Mpangaji Niliyoyasugua kwa Ndimu

Asubuhi ile sebuleni kwangu Milanzi tulikuwa wanne: mimi, wifi yangu Skolastika, mpangaji wangu Elia, mtaalamu wa miamba, na mjukuu wangu Festo, dereva wake. Elia alifungua sanduku la mawe waliyoyatoa chini sana ardhini, akayageuzageuza mkononi.

"Festo, umebadilisha mawe yangu?"

"Hapana, kaka."

"Kwenye nyufa kulikuwa na ukoko mweupe. Uliachwa na maji ya zamani. Ndio ungetuonyesha yalikopita, tujue pa kuchimba kisima. Mkubwa wetu wa kazi akisikia, kazi huna."

Festo akanitazama. Mimi nikatazama kanga yangu. Jana yake, nikifagia chumba cha Elia, niliuona ukoko ule kama wa birika. Nikausugua kwa ndimu, ukatoa povu, nami nikajisifu kwa usafi.

"Bibi, nani aliingia chumbani kwangu?"

Aliyejibu ni Skolastika, tena anacheka: "Wifi, si ndiyo yale mawe uliyoniita nione yanavyong'aa?"

Waliokuwepo nimewataja wote. Nikiwa nimekosea neno la mtu, wanisahihishe. Ila la ndimu ni kweli tupu.