Supu ya Muzazi

Subira binti Moussa, wa hapa Kasongo, si mutu wa kubembeleza, na kuku wake hampi mutu awachunge. Mara moja tu aliwapeleka kwa mukwe wake Amisi, muuza dawa wa ku Salamabila, kwenye machimbo ya zahabu, sababu mwenyewe alikuwa anaenda matanga Nyangwe na kuku walikuwa wanaharisha nyeupe.

"Wagonjwa uwatenge," alimuambia. "Dawa zako usiwape."

Alirudi akakuta kuku wamepona. Tena wamenona, matako yanaburura chini. Ndani ya beseni lao la maji kapsili za rangi mbili zilikuwa zimeyeyuka nusu, na pembeni akaokota plaketi tupu ya vidonge, vile wanavyopewa wanamuke wasishike mimba.

"Kapsili inaua ugonjwa, Mama," Amisi akasema, kifua mbele. "Vidonge vinaleta mafuta. Wachimbaji wanagombania kuku ya namna hii."

"Wachimbaji wananyonyesha?"

Maana Rachida, binti yake, muke wa Amisi, alikuwa amezaa juma lile, na supu ya muzazi inatoka kwa kuku wa mama yake. Supu inakuwa maziwa, maziwa yanaingia mutoto. Nyumba nzima ilikuwa inaingojea.

Subira akachinjisha kuku mumoja, akapika mwenyewe. Lakini bakuli akaliweka mbele ya Amisi.

"Kula."

"Mama, mukwe hakuli mbele ya mama mukwe. Ni haya."

"Haya umeijua leo? Basi, nimegeuka." Akampa mugongo, uso ukutani. "Kula sasa, mwanaume."

Akangojea. Kijiko hakikulia. Mwisho Amisi akanong'ona: "Vile vidonge ni vya wanamuke. Vinaweza kunimaliza nguvu."

"Wewe vikumalize, mutoto wangu vimunenepeshe?"

Supu akaimwaga shimoni. Kesho yake akaleta samaki wakavu aliotoka nao Nyangwe. Mawifi wa Rachida wakacheka mpaka barabarani: Subira muzima, analisha muzazi samaki, kama hana hata kuku! Maneno yalimuchoma, maana hakuna aliyepata kumuita mukono mufupi, mutu wa choyo. Aliketi mulangoni mpaka Rachida akamaliza muchuzi. Ndipo Subira akaosha bakuli, akafunga kuku wake miguu, akasimama mbele ya Amisi.

"Kuku narudi nao. Beseni baki nalo, unyweshee wachimbaji wako."