Mwaka Ambao Santuri Zote Zilikuwa na Haraka

Kosa langu la mwanzo lilikuwa mpira. Mjomba alipokimbilia Mombasa aliniachia gramafoni yake ya betri, na mkanda wa ndani unaozungusha sahani ulikuwa umekatika. Mkanda wa kununua haukupatikana Kampala nzima. Duka lililokuwa likiuza vitu hivyo lilikuwa limepewa mwanajeshi, naye alishamaliza kuuza vilivyokuwamo na sasa alikuwa anauza rafu zenyewe. Basi nikakata pete katika mpira wa ndani wa pikipiki. Nilipima kwa rula, nikakata kwa wembe, nikatupa, nikakata tena, kwa sababu nilikuwa siwezi kuvumilia ukingo usionyooka. Upana niliupata sawasawa. Unene sikuufikiria kabisa. Mkanda mnene huzungusha sahani mbio kuliko inavyotakiwa, na mimi, ambaye sikuwahi kuwa na gramafoni maishani, sikulijua hilo kwa mwaka mzima.

Mwaka huohuo ndio nilioamua kuwa mjuzi wa muziki. Hakuna aliyeniomba. Shule nilikuwa nimeiacha, kazi ya maana sikuwa nayo, na mji ulikuwa umejaa watu waliovaa miwani ya jua wakikuangalia unavyotembea. Ndani ya chumba changu pale Kibuli, chini kidogo ya msikiti, niliweza walau kuwa na uhakika wa jambo moja. Nilifuta kila santuri kwa kipande cha kanga iliyochakaa, kutoka katikati kwenda nje, kabla ya kuipiga na baada ya kuipiga. Mtu mwingine hakuruhusiwa kuishika. Mama aliingia siku moja akaiegemeza ndoo kwenye meza yangu na sindano ikaruka, nami nikamtolea maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia joto masikioni.

Mwisho wa mwaka nilichagua santuri zangu nne bora. Ningependa kusema nilizichuja kutoka katika rundo kubwa, lakini nilikuwa na saba tu.

Ya nne ilikuwa ya bendi moja ya dansi ya Nairobi. Ngoma zake zilikwenda mchakamchaka, magitaa yakizifuata mbio kama watoto walioitwa na mwalimu. Ya tatu ilikuwa taarabu, zawadi ya mjomba. Katika taarabu ile udi haukupumzika hata pumzi moja, na nikashangaa watu wa pwani wamepatwa na nini. Ya pili ilitoka Marekani, jina limekwaruzwa, mwimbaji akiyameza maneno yake nusunusu. Na ya kwanza, iliyozishinda zote kwa mbali, ilitoka Kongo. Niliinunua soko la Owino ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Jalada halikuwapo, na karatasi yake ya katikati ilikuwa imelowa mpaka maandishi yakafutika. Mwimbaji wake alikuwa mwanamke.

Nilijenga nadharia. Niliwaeleza watu, bila kuulizwa, kwamba wanamuziki wote wa mwaka ule walikuwa na haraka kwa sababu wote walikuwa na hofu. Nilisema mtu anayeogopa kugongewa mlango haimbi polepole. Nilisema Mombasa na Nairobi na Kongo zimesikia yanayotokea kwetu. Nilijiona nimegundua jambo ambalo wakubwa wa redio hawakuligundua. Redio yenyewe ilipowahi kuupiga wimbo mmoja wa ile bendi ya Nairobi, ukatoka mzito, wa kukokota miguu, nilicheka peke yangu. Mashine yao imechoka, nikasema. Serikali imeua sukari, imeua chumvi, itaachaje kuua gramafoni?

Maneno hayo nilimwambia binamu yangu. Aliutazama mlango kwanza.

"Punguza sauti," akasema. "Utatuponza kwa ajili ya gramafoni."

Binamu yangu alikuwa rika langu, akiuza nguo pale sokoni, na kwa kila jambo nililolisema kuhusu muziki alikuwa na neno la kuliharibu. Aliniita Profesa. Siku nilipompigia ile ya Kongo alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akasema:

"Huyu mwanamume, Profesa. Wamemkanyaga kidole."

"Mwanamke."

"Mwanamume, nakwambia. Sikia anavyovuta pumzi. Hiyo pumzi ya mtu mwenye shingo nene."

"Wewe unajua nini? Wewe unajua suruali."

"Najua za kike na za kiume."

Nilimfukuza chumbani. Kwa miezi hatukusemeshana ila kwa salamu, na hata salamu niliirudisha nusu. Nieleze ukweli wote: nilikuwa nimempenda yule mwanamke. Nilimwazia umri, nikamwazia nguo, nikamwazia namna anavyokunja mkono wakati gitaa likijibu. Lugha yake sikuijua hata neno moja. Nilipolala mchana nikiwa na homa ya malaria nilizungumza naye, na alinijibu kwa Kiswahili kizuri. Ningeweza kumsamehe binamu kama angelitukana jina langu. Kile alichokisema sikuweza.

Nyuma ya ua wetu kulikuwa na nyumba ya matofali ya mfanyabiashara wa Kihindi, aliyeondoshwa nchini pamoja na familia yake, na mizigo waliyoweza kubeba. Akaingia afande mmoja wa jeshi. Cheo chake sikukijua vizuri na sikutaka kukijua. Nilijua gari lake, na nilijua kwamba kijana mmoja wa mtaa wa chini aliyegombana naye kuhusu kisima alitiwa kwenye buti ya gari hilo, na mama yake mpaka sasa anauliza. Basi siku afande aliposimama kwenye ua na kuita, miguu yangu ilikwenda kabla yangu.

"Hiyo makelele kila siku ni ya nani?"

"Yangu, afande."

"Wewe iko na santuri nzuri?"

Mtu mwenye akili angesema hana. Mimi nikasema, "Ninazo nzuri kuliko zote hapa Kibuli."

"Basi Jumapili leta. Mimi nasikia. Ile napenda, inabaki."

Mama alinisubiri mlangoni, alikuwa amesikia yote. "Mpelekee makapi," akasema. "Una zile tatu huzipendi, mpelekee hizo, azichukue, urudi nyumbani. Imekwisha."

Alikuwa na haki, na nilikubali kwa mdomo. Lakini siku zilivyokwenda nikaona siwezi. Ilinichoma kufikiria kwamba mtu atazisikia zile tatu na kudhani ndicho kipimo changu. Hata mtu yule. Hata kama atanyamaza. Nilimchukia afande kwa chuki niliyokuwa naionja mdomoni kama shaba, na bado nilitaka anione ninajua. Nilitaka pia, nikiri, binamu yangu awepo pale. Nikaenda kumwita, eti anisaidie kubeba.

Jumapili mama aliniona nikizipanga zile nne kwa utaratibu wangu, ya nne juu, ya kwanza chini.

"Wewe utakufa kwa sifa," akasema, akaingia ndani kutandika mswala, ingawa wakati wa sala ulikuwa bado.

Juu ya mlango wa ile nyumba wenyewe wa zamani walikuwa wamening'iniza uzi wa ndimu na pilipili, wa kufukuza husuda. Ulikuwa umekauka ukawa mweusi, na afande na ukali wake wote alikuwa hajathubutu kuutoa. Ndani, radiogramu waliyoiacha, redio na gramafoni katika sanduku moja, ilikuwa kubwa kama kabati. Afande alikuwa na fulana na suruali ya jeshi. Aliondoa bastola juu ya mfuniko, akaiweka kitini kama mtu anayempisha mgeni, akafunua. Mkewe, Mkongo mnene mwenye sauti ya chini, alikuwa sakafuni anamenya karanga.

Nilianza na ya nne. Ngoma zikaanza kutembea. Sisemi kukimbia, nasema kutembea, kama watu wanaovuka kinamasi. Nikaondoa kabla haijafika mwisho, nikaweka taarabu. Udi ukapiga, ukanyamaza, ukafikiri, ukapiga tena.

"Hii ya matanga?" afande akauliza.

"Inakuja kuchangamka, afande."

Haikuchangamka. Ile ya Marekani ilitoka ikiwa na maneno kamili, wazi, ya mtu asiye na wasiwasi wowote duniani. Nadharia yangu ya hofu ilikuwa inabomoka matofali kwa matofali, na mimi sikuona nadharia, niliona kwamba afande amekunja miguu na anataka kuchoka. Niliharakisha ya kwanza. Nikaifuta hata pale, kutoka katikati kwenda nje.

Magitaa yakaja, taratibu. Kisha akaimba mwanamume.

Sauti yake ilikuwa ya juu, laini, lakini hakukuwa na cha kubishana. Binamu yangu alikohoa ndani ya kiganja. Badala ya kukubali nimeshindwa nikasema:

"Afande, mashine yako inavuta."

Karanga ziliacha kumenywa.

"Mashine yangu?"

"Ndiyo, afande. Inazunguka polepole. Inaharibu. Huyu ni mwanamke."

Binamu alinikanyaga mguu, na hakuwa anatania. Afande hakupandisha sauti, na ndivyo ilivyokuwa mbaya zaidi. "Wewe nakuja kwa nyumba yangu," akasema, "nasema kitu yangu mbovu."

"Mashine tu, afande. Nyumba ni nzuri."

Sijui ingeishia wapi. Mkewe ndiye aliyeangua kicheko, karanga zikamwagika mapajani.

"Mwanamuke? Ule? Ule ni mwanaume, mutoto. Nilimuona kwetu Kongo, Bunia, na macho yangu. Iko na tumbo hivi, anajipangusa jasho na taulo. Iko na bibi wawili."

Mtu mwingine angeshukuru kwa kuokolewa. Mimi nikasema, "Labda ni mwingine."

"Ni ule. Hii wimbo alituimbia." Na akaimba mstari mzima pamoja na santuri, kwa sauti ileile na mwendo uleule, bila kuwahi wala kuchelewa. Mashine haikuwa inavuta. Nilisimama pale nikiusikiliza mstari ule mpaka mwisho, na kabla haujaisha nilishaelewa kwamba kosa liko chumbani kwangu, ingawa sikujua bado liko wapi.

Afande alinitazama kwa muda, kisha akacheka kicheko kisichokuwa na urafiki. "Kijana amependa mwanaume mwenye tumbo," akamwambia binamu yangu, kama vile wao wawili walikuwa watu wazima na mimi sipo. Halafu mkewe akasema hii ya Kongo ibaki, anaitaka, na afande akaashiria kwa kidole hizo nyingine tatu.

"Hizo za matanga, ondoa. Hii nabaki."

Nilifungua mdomo. Binamu akanishika kiwiko, akasema, "Asante sana, afande. Asante, mama," akanitoa nje.

Njiani alingoja tupite ua. Nilidhani atanicheka, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alisema tu, "Ulitaka kutuua." Akaziweka zile santuri tatu juu ya ukuta, akaondoka.

Jioni ile nilifungua gramafoni, nikautoa mpira, nikauzungusha vidoleni. Nikakumbuka kipande cha mkanda wa zamani nilichokitunza, nikaviweka pamoja. Mtoto angeona. Ulikuwa mnene karibu mara mbili, na sahani ikikimbia sauti nayo hupanda, mwanamume akasikika mwanamke. Niliupunguza kwa wembe na msasa mpaka wimbo wa ile bendi ya Nairobi ukawa kama redio ilivyoupiga. Haikunichukua muda mrefu. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba haikuchukua muda mrefu.

Mke wa afande aliipiga ile ya Kongo kila mchana, madirisha wazi. Sikuwa na namna ya kutoisikia. Wiki za kwanza nilitia pamba masikioni. Baadaye pamba ikaisha, maana nayo ilikuwa ya magendo, na nikalazimika kumsikiliza yule bwana anaimba. Alikuwa anaimba bila haraka. Palikuwa na sehemu katikati ya upande wa pili ambapo gitaa linamngoja, naye anajua linamngoja, na anachelewa makusudi. Kwa mwendo wangu sehemu ile ilikuwa imepita kama mtu anayekimbia mvua, sikuwahi hata kujua ipo. Ilikuwa santuri nzuri kuliko ile niliyoipenda. Ilikuwa kwa adui yangu, imewekwa juu ya radiogramu ya watu aliowarithi wakiwa hai, na sikuwa na njia ya kuipata. Afande alipohamishiwa kambi nyingine aliondoka nayo kwenye lori. Owino sikuiona tena.

Binamu yangu alirudi kunisemesha baada ya mfungo. Nilikwenda mimi kwake, maana yeye asingekuja. Nilimwambia alikuwa na haki juu ya yule mwimbaji. Akasema hilo alilijua siku nyingi, angetaka kusikia lile jingine. Nikamwomba radhi kwa lile jingine, la kumpeleka pale ili anione nashinda. Akaniuliza kama nina santuri mpya.

Afande sijamsamehe na sitazamii. Kilichobadilika ni hiki: kila mwisho wa mwaka bado nachagua santuri zangu, ila sasa nazipeleka kwanza nyumbani kwa binamu, tunazisikiliza kwenye gramafoni aliyojinunulia baadaye, na yeye ndiye anayeanza kusema.