Server ilikataa data za sangara, akafukuzwa Bi Kabula

Wakuu, heshima kwenu. Hili sikusimuliwa, nililifanya kwa mikono yangu, na hadi leo nikilikumbuka damu inachemka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinachipuka ufukweni Mwanza kila kukicha. Kimojawapo kiliniajiri kama mtu wa kompyuta. Nilikuwa peke yangu, basi kichwa kikavimba.

Mnunuzi wa Ulaya alitaka orodha ya kreti zote iingie kwenye server yake kabla ndege haijatua kwao. Isipoingia, mzigo haupokelewi.

Sasa, kiwandani hakuna kusubiri. Boti ikifika, samaki wanapimwa, wanapasuliwa, wanaondoka. Jumla huijui mpaka boti ya mwisho.

Nikaandika program kwa mtindo huohuo. Kreti ikitoka mizani, data inaondoka kwa modem, kipande kwa kipande, bila kutaja ukubwa wa mzigo mzima. Ndiyo chunked hiyo. HTTP 1.1, kanuni ya kompyuta kuongea na server, ilikuwa mpya na inaruhusu, nikajiona mjanja.

Aliyeiendesha ni Bi Kabula, karani wa mizani, mama mtu mzima wa Buzuruga. Siku ya kwanza tu akaniletea karatasi, kanakili kwa kalamu kilichoandikwa kwenye screen: 411 Length Required.

"Mwanangu, hawa wanataka urefu kwanza. Kizungu changu cha darasa la saba, lakini ndivyo inavyosema."

"Mama, wewe bonyeza Enter tu. Ya server niachie mimi."

Karatasi nikaitupa kwenye droo. Pumbavu kabisa mimi!

Mzigo ukakataliwa. Meneja akaja anafoka, nani hakutuma? Nikajibu program haina tatizo. Sikumtaja mtu, ila aliyebaki alikuwa mmoja. Akafukuzwa mbele ya wapasuaji wote, kujitetea hakuruhusiwa. Nami nimesimama pale na tai yangu, kimya.

Siku mbili baadaye nikatuma mwenyewe. 411.

Nikafungua droo.

Dawa yake? Hifadhi orodha yote kwenye diski kwanza, hesabu bytes, andika Content-Length juu, yaani ule urefu, ndipo utume. Nusu saa, wakuu. Nusu saa!

Nikamfuata meneja, nikamweleza kosa ni langu. Akaniuliza, "Sasa si inafanya kazi?" Akarudi kwenye simu yake. Nafasi ya mama alishampa mtu. Nilitamani kumrushia ile modem.

Nikaenda Buzuruga. Nikamkuta anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Uliwapa urefu?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea na mchele wake. Kiti hakunipa.

Kwa hiyo vijana wa IT, server ikikataa chunked usibishane nayo, hesabu kwanza ndipo utume. Na error usomewe na karani au na mfagiaji, isikilize. Karatasi ile bado ninayo.

Tukaneni, wakuu, nastahili. Ila na wewe uliyewahi kunyamaza mwenzako akibeba kosa lako, njoo useme hapa.