Jina la Mama Mwenye Nyumba

Nimetoka Mwanza, Tanzania, kuja kusoma chuo hapa Isiolo, na huu ni muhula wangu wa kwanza. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia mama mwenye nyumba, "Shikamoo, mama!" Akatabasamu: "Nagaa!" Nikajua kanitajia jina. Basi kila siku mimi naita, "Nagaa!" naye anaitika, "Nagaa!" Nikajisifu kwamba ugenini nimeshapata mama.

Wiki iliyopita akateguka mguu, akalazwa. Nikapika uji, nikaupeleka hadi wodi ya wanawake. Vitanda vimejaa, wagonjwa wamejifunika leso hadi usoni. Nikasimama mlangoni nikaita kwa nguvu, "Nagaa!"

Wodi nzima ikaitika, "Nagaa!"

Nikamgeukia nesi. "Samahani, hawa wote wanaitwa Nagaa?"

Nesi akashika ukuta kwa kicheko. "Dada, hiyo ni salamu ya Kiborana, maana yake amani. Mgonjwa wako anaitwa nani?"

Miezi mitatu nimeishi kwake, nimekula kwake, kumbe jina lake silijui. Ndipo kutoka kitanda cha pembeni nikasikia sauti niliyoizoea:

"Mwambie naitwa Fatuma. Na huo uji ulete haraka, unapoa."