Mnazi Wangu na Barabara ya Mgodi

Sijui kama kuna mtu aliyeufurahia mgodi ule kuliko mimi. Hata mwenyewe, mzungu aliyekuwa akiuchimba, hakuufurahia hivyo, maana yeye alikuwa na joto la kulalamikia na mimi sikuwa nalo. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, nimerudi kwa mama yangu kijijini, kusini ya Kinondo, baada ya ndoa iliyodumu miezi saba na kunichosha kama ya miaka saba. Nilitaka kitu cha kunichangamsha, na Mungu akaniletea lori.

Lori lilipita kila asubuhi likielekea bara, kilimani. Nikaanza kukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, nikapanda lori na sinia langu nikaenda kuwauzia wapasua mawe. Kupanda lori, nakwambia! Leso inapepea, kila shimo unaruka na kusema bismillahi, na wanawake waliokuwa wakichota maji wanakutazama mpaka ndoo zinafurika. Kule juu wanaume chungu nzima walipasua mawe meusi, mazito ajabu. Wengine walisema ni risasi, wengine ni dhahabu iliyojificha. Karani wa mgodi, kijana wa Mombasa mwenye kalamu mbili mfukoni na wino wa moja tu, alisema ni siri ya Serikali. Nilimwamini. Siku zile ningemwamini hata angesema ni halua.

Habari za ukoo wa mwenye mgodi tulizijua kuliko za koo zetu. Kaka yake alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi. Dada yao alikuwa ameolewa na mkubwa mmoja katika ofisi ya Gavana. Mama yao, bibi kizee mwembamba asiyeachana na mwavuli, ilisemekana humkaripia Gavana mwenyewe mezani. Wapasua mawe walikuwa na neno lao: ukoo ule ukikohoa Nairobi, Bwana DC anapiga chafya Kwale. Nilicheka kila nilipolisikia, wala sikujiuliza sisi huku chini tutashikwa na mafua gani.

Siku moja karani alikuja kijijini pamoja na mpima ardhi. Kulikuwa na barabara mpya, akasema, itakayokatwa kutoka kilimani mpaka baharini mkabala wa kisiwa cha Chale, na huko patajengwa gati la kupakilia mawe melini. Nilikaribia kucheza ngoma peke yangu. Barabara, kwetu! Karani akasimama katikati ya minazi ya mama yangu, akafungua daftari.

"Dada, ardhi hii ni ya nani?"

"Ya Mungu," nikamjibu.

"Nakuuliza, ni yenu?"

"Si yetu, bwana. Sisi tumeikuta."

Akayaandika, akaniambia niweke dole gumba chini ya maneno hayo, nikaweka. Tena niliuonea fahari wino ule, na sikunawa vizuri mpaka magharibi.

Na nilisema kweli. Kwetu ardhi ni kitu kimoja, na mnazi ni kitu kingine. Unaweza kuwa na minazi katika ardhi ya mwenzio, ukairithi, ukaitoa mahari, na ardhi iliyo chini yake usiitaje hata siku moja. Karani angeniuliza minazi ni ya nani, ningemtajia mmoja mmoja, na tabia za kila mmoja. Hakuuliza. Kwa waliomtuma, asiye na ardhi hana chochote kilichosimama juu yake. Siku ya tatu walikuja watu wawili na debe la rangi, wakaipiga minazi yote ya mama alama nyekundu, tayari kwa shoka.

Minazi ile aliirithi kwa mama yake, isipokuwa miwili iliyosimama pamoja kule chini, kando ya mwamba. Hiyo aliipanda kwa mkono wake. Mmoja ulikuwa juu ya kitovu changu, na mwingine juu ya kitovu cha kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Kaburi la mtoto yule lilikuwa limekwisha kupotea vichakani, hakuna aliyeweza kulionyesha. Uliobaki wa kusema kuwa alipata kuishi ni ule mnazi.

Nilimkuta mama juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikamweleza yote, machozi yakinichuruzika, maana ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umetuangamiza.

"Uliweka dole?" akauliza.

"Niliweka, mama."

"La mkono gani?"

"Wa kulia."

Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikawa kitupu.

"Basi Jumapili, mkono huo huo ndio utakaobebea madafu."

Jumapili ndiyo siku iliyotangazwa baraza. Mheshimiwa mjumbe mwenyewe angekuja kuifungua kazi ya barabara, pamoja na mama yake, mdogo wake mwenye mgodi, na Bwana DC. Mimi nilitaka kwenda kupiga mayowe, nilale mbele ya lori, nimnyang'anye karani kalamu zote mbili. Mama akanikataza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Wewe wafanyie ukarimu, mengine niachie." Nilimwona mzee wangu amechanganyikiwa.

Siku ilipofika, nani alikaa nyumbani? Watu walitoka Msambweni, walitoka Ukunda kwa baiskeli, wengine kwa miguu na watoto mgongoni. Kulikuwa na bendera, viti vya ofisi vilivyoletwa na lori, na mbuzi aliyekata kamba akapita mbele ya Bwana DC bila kumwamkia. Hata mimi mwenye msiba wangu moyo ulinidunda kwa raha. Mheshimiwa alisimama akahutubia, na Mudir wetu, mtawala mdogo wa Kiislamu wa upande wa Msambweni, akatafsiri. Barabara, gati, shule, dawa. Sauti ya mheshimiwa ilikuwa nzuri mno, ya mtu aliyezoea kukubaliwa. Nilijikuta nikipiga makofi, nikaificha mikono ndani ya leso kwa aibu.

Alipokaa, jasho likimtiririka, mama akajitokeza. Alikuwa amevaa leso mpya, ile aliyoniwekea niolewe nayo mara ya pili. Nyuma yake nami na sinia la madafu, yameangushwa asubuhi ile ile kutoka kwenye minazi yenye alama nyekundu. Mama akampa kila mgeni la kwake kwa mkono wake. Wakanywa. Na kwa jua lile, walikunywa kweli kweli! Bibi kizee aliinamisha dafu mpaka mwavuli ukamwanguka.

Hapo baraza zima likawakodolea macho wanywaji, na mimi nikaelewa. Kwetu, mpita njia mwenye kiu anaweza kuangusha dafu la mtu akanywa, si kosa, lakini lazima amwendee mwenye mnazi amshukuru. Akishukuru, ni mgeni, na amekiri kuwa mnazi una mwenyewe. Akinyamaza, ni mwizi, na jina hilo litamfuata hata msikitini. Kila aliyekuwepo pale, mkubwa na mtoto, aliijua sheria hiyo, isipokuwa wale waliokuwa na madafu mikononi.

"Bwana Mudir," mama akasema kwa adabu, "niulizie wageni. Yalikuwa matamu?"

Mudir akauliza. Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akafuta midomo, akanyamaza. Watu wakaanza kunong'ona. Mwenye mgodi akayatazama madafu, akaitazama minazi, akamwinamia kaka yake haraka amwambie jambo. Kumbe amechelewa. Bibi kizee, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni lakini adabu zake za kwao, akamshika mama mkono.

"Asante sana, mama," akasema kwa sauti. "Dafu yako nzuri sana."

Mudir akasimama. Yule bwana alikuwa akijua tangu mwanzo kwamba minazi ni yetu. Alikuwa akitafuta mlango tu, na sasa umefunguliwa na mama wa mheshimiwa. "Bwana DC," akasema, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili sote tufaidi, "mama wa mheshimiwa amemshukuru mwenye minazi mbele ya watu wote hawa. Je, mheshimiwa naye anamshukuru mwenyewe, au tuseme amekunywa bila mwenyewe?"

Vigelegele vilivyopigwa pale sijapata kuvisikia tena, hata katika harusi zangu zote mbili. Mheshimiwa alikuwa mwekundu kama ile rangi, lakini mwanasiasa ni mwanasiasa. Aliinuka, akainama, akamshukuru mama yangu. Nilitupa sinia nikaruka nikapiga kelele, na karani akapotea, sikumwona tena siku ile.

Bwana DC akaamua papo hapo kwamba karatasi yangu ilikuwa ya ardhi tu, minazi ina mwenyewe, na barabara ipinde. Mpima ardhi akaenda na kamba zake akarudi akijikuna kichwa. Itapinda, akasema, lakini kule chini, baina ya mwamba na kinamasi, nafasi ni nyembamba. Mnazi mmoja lazima uondoke. Upande huu au upande ule, mwenyewe achague.

Ilikuwa ile miwili.

Mama alitembea mpaka pale, akaweka kiganja juu ya mnazi wa kaka yangu. Kisha akauonyesha wangu.

"Kateni huu."

"Mama, huo ni wangu!" nikasema, kama mtoto.

"Wewe ninaye," akanijibu. "Yeye ana nini?"

Barabara ilipita, ikatumika miaka michache, mgodi ukafungwa, ukoo ule ukaenda zake. Lakini siku walipoukata mnazi wangu, mama alipanda juu ya gogo na panga, akachonga kileleni mpaka akaufikia moyo wake mweupe, ule tunaouita shaha, ambao huwezi kuula ila mti umekufa. Akaumega, cha kwanza akanipa mimi, kwenye mkono wa kulia. Niliula nikilia na kucheka. Ulikuwa mtamu, wallahi, nami nikamwambia mama asante.