Wewe Tayari Tunaye

Nilirudi nyumbani, kijijini Mamba kule mlimani, na shahada ya sayansi ya chakula, na kwa mwaka mzima nikaandika barua za maombi nikiwa nimekaa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, kati ya migomba na kahawa ya baba. Hakuna aliyenijibu. Mwishowe maabara moja ya kuonja kahawa, kule Moshi mjini, ikakubali nijitolee. Mkuu wa maabara alikuwa mzee mpole aliyevaa sweta hata wakati wa jua. Aliniambia nivumilie, nafasi ikitoka nitakuwa wa kwanza kufikiriwa.

Nilijitolea misimu miwili. Nilijifunza kukaanga sampuli, kuisaga, kuimwagia maji ya moto, kisha kuivuta kwa kijiko kwa kelele na kuitema. Baba alikuwa amelima kahawa maisha yake yote bila kujua ladha yake inapimwaje. Jioni moja nilimwonjesha ya kwake na kumweleza niliyoyaona ndani yake. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa ndugu wa mbali.

Msimu wa pili ulipokuwa ukiisha, tangazo likabandikwa ukutani: anahitajika mwonjaji mmoja. Nililisoma nikaona kazi zangu zimeorodheshwa moja baada ya nyingine. Nikaandika barua, nikapeleka vyeti kwa wakili vikagongwa muhuri, nikampelekea mkuu bahasha mkononi. Alitabasamu na kuiweka mezani. Mama akaliombea jambo hilo kwenye umoja wa wanawake kanisani. Sikumkataza, kwa sababu na mimi niliamini.

Siku moja kabla ya usaili mkuu aliniagiza niandae meza ya majaribio ya watu sita. Nikamuuliza kama na mimi nimo katika hao sita, ili nijue nani atamwaga maji wakati nikiwa upande wa pili wa meza.

Alivua miwani. "Wewe tayari tunaye," alisema. "Tunatafuta mtu."

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akaanza kunieleza kwa upole kwamba viongozi wa juu wanataka damu mpya, na kwamba mimi ni kama wa nyumbani, nisiwe na haraka. Bahasha yangu niliiona chini ya kikombe chake cha chai. Haikuwa imefunguliwa.

Watu huniuliza kwa nini sikuondoka saa ile. Sijui. Nilikaanga zile sampuli, na nilizikaanga vizuri. Ningeweza kuziunguza kidogo tu, wote sita wakashindwa, na hakuna ambaye angejua. Kulipokucha niliwamwagia maji na kuwapa vijiko. Mmoja wao, binti aliyekimbilia kijiko, nilimnong'oneza asubiri kahawa ipoe.

Aliyechukuliwa alikuwa kijana kutoka Arusha, msikivu na mwenye adabu, na jambo hilo liliniumiza zaidi, maana sikupata hata sababu ya kumchukia. Nikapewa kazi ya kumfundisha. Wiki ya tatu, tukiwa tunaosha vikombe, aliniuliza, "Dada, unajua kazi hivi, kwa nini hukuomba nafasi?"

"Niliomba," nikamjibu.

Aliosha kikombe kimoja muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Kesho yake nilikunja aproni yangu, nikaiacha juu ya mashine ya kusaga, nikapanda nyumbani. Mkuu hakunipigia simu kuniuliza niko wapi.

Mama alipopata habari hakunipa pole. Alisema, "Sasa wale wamama nitawaambia nini?" Nilimwambia awaambie Mungu alisikia, ila viongozi wa juu walitaka damu mpya. Hakupenda maneno yale, na siku kadhaa tulisalimiana tu. Baba hakuniuliza tena habari za ladha.

Sasa napima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, Sanya Juu. Ni ajira, ina mkataba. Haikuwa katika mipango niliyoiandika chuoni, tulipoambiwa tujione tulipo baada ya miaka mitano.

Msimu uliopita mkuu alinipigia. Yule kijana alikuwa amepata kazi Kenya na kuondoka bila hata kuaga vizuri. Kahawa zilikuwa zimejaa maabara. Aliniomba nije niwasaidie wakati wanaandaa tangazo. Nikamuuliza kama safari hii nafasi ni yangu.

"Njoo kwanza," alisema, "tutaongea."

Nilimwambia nina kazi, nikakata simu. Wenzangu kituoni walinisifu kwa jibu lile. Sikuwaambia kwamba nilishinda na simu mkononi nikisubiri apige tena, na kwamba kama angepiga, ningekwenda.